Majibu kwa Wasomaji: Unayempisha, na Yule Anayekuja Nyuma Yako

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaoendesha magari jijini Dar es Salaam watuandikie kuhusu kupishana na kuvumiliana barabarani. Barua zilizotufikia zimenipa moyo, kwa sababu wengi hawakuandika kulalamikia askari wala mashimo ya barabara; waliuliza wao wenyewe wafanyeje ili watende vema. Nimechagua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa kuwa inagusa jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa miaka mingi.

SWALI: Huu ni mwaka wangu wa pili tangu nianze kuendesha gari. Kila asubuhi natoka Goba na kuingia Barabara ya Bagamoyo pale Tangi Bovu. Kwa kuwa naujua uchungu wa kusubiri bila kupishwa, nami nikishaingia barabara kubwa humpisha kila anayeomba: bajaji, bodaboda, gari linalotoka kituo cha mafuta, mtu anayetaka kuvuka. Mume wangu anasema huo ni woga, si wema, na walio nyuma yangu hupiga honi mpaka mikono inatetemeka. Wiki iliyopita nilifunga breki ghafla ili mama mwenye mtoto mgongoni avuke, na gari la nyuma lilinikosakosa. Je, niache tabia hii? (Msomaji, Goba)

JIBU: Dada yangu, usiache, ila naomba uibadilishe kidogo, na ili unielewe ni lazima nikusimulie kisa changu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka mjini kwa Barabara ya Morogoro, katikati ya Magomeni na Ubungo, baada ya mabasi ya mwendokasi kuanza kazi mwaka 2016. Kama unavyojua, vituo vya mabasi hayo viko katikati ya barabara, kwa hiyo abiria hana budi kukatiza njia za magari mengine ili avifikie. Nilikuwa njia ya kushoto, foleni ikienda polepole, nikamwona mwanafunzi wa shule ya msingi amesimama ukingoni, sketi ya buluu, shati jeupe, begi limemzidi mabega. Nikasimama. Nikampungia mkono kwamba avuke, naye akanitazama usoni, akatabasamu, akaanza kukimbia kama watoto wanavyokimbia wanapopewa ruhusa na mtu mzima. Alipotokeza tu mbele ya pua ya gari langu, bodaboda ilipita kwa kasi upande wangu wa kulia. Mpini wake ulinasa mkanda wa begi, mtoto akazunguka kama pia na kuketi kwenye lami, na madaftari yakatawanyika hadi chini ya gari la njia ya pili, ambalo kwa rehema za Mungu lilikuwa limeshasimama. Alichubuka kiwiko, hakuumia zaidi ya hapo. Nilipomsaidia kuokota madaftari aliniuliza swali moja tu, bila kulia: "Si ulisema nipite?"

Bodaboda ile ilitokea upande ule ule niliokuwa nimeketi. Kioo cha pembeni kilikuwa karibu kabisa na bega langu, na kama ningekitazama kabla ya kuinua mkono, ningeiona. Mtoto hakutazama kwa sababu aliamini nimeshatazama kwa niaba yake. Tangu siku hiyo sijampungia mtu mkono ili avuke, na sitafanya hivyo tena. Nasimama, nawaacha watazame wenyewe, nami mkono wangu wa kulia nautoa nje ya dirisha, kiganja kikiwa wazi kuelekea nyuma, ili wanaokuja wajue kuna sababu ya mimi kusimama. Mkono huo unawahusu walio nyuma. Anayevuka namwachia macho yake mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona kosa la wiki iliyopita lilipokuwa. Ulimwona mama na mtoto wake, ukawahurumia, na huruma hiyo ni njema. Lakini dereva wa nyuma hakuwaona, kwa kuwa wewe ulikuwa umewaziba. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya mijini, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva wa nyuma anahitaji takriban sekunde moja ili aelewe kwamba umesimama na mguu wake ufike kwenye breki, na ndani ya sekunde hiyo ameshakwenda urefu wa magari matatu madogo kabla mwendo haujapungua hata kidogo. Ukimpisha mtu namna hiyo, gharama unamlipisha mwingine ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumpisha yeyote tazama kioo cha ndani na vile vya pembeni, kisha anza kupunguza mwendo mapema na taratibu, ili taa zako za breki ziwe zimeshatoa taarifa muda mrefu kabla hujasimama. Kama magari yanakwenda kasi na hapo hapana kivuko, usisimame katikati ya njia kwa ajili ya kufanya hisani, kwa maana Barabara ya Bagamoyo hapo ina njia mbili kila upande, na wa njia ya pili hana habari na hisani yako. Kwenye kivuko chenye mistari mieupe mambo ni tofauti kabisa: hapo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakutaka umpishe anayevuka, na honi za walio nyuma zisikusogeze hata hatua moja. Vivyo hivyo, ukiona gari lingine limesimama mbele ya kivuko, usilipite, hata kama huoni mtu yeyote, kwa sababu usiyemwona ndiye anayevuka.

Na foleni inapokuwa imebana, mwingize mmoja anayetoka barabara ndogo, kisha songa, naye aliye nyuma yako aingize wake mmoja. Gari moja likiingia mbele yako linakugharimu sekunde mbili au tatu, ambazo utazikuta zinakusubiri kwenye mataa ya Mwenge, kwa kuwa mwendo wa foleni nzima unaamuliwa na pale panapobana mbele, wala hauamuliwi na gari moja lililotangulia. Lakini ukiwaingiza watano mfululizo, umegawa muda wa watu waliopanga mstari nyuma yako, na honi zao zina haki kidogo.

Kuhusu maneno ya mume wako, nakupa kipimo ninachokitumia mwenyewe. Jiulize kama ulikuwa umeamua kumpisha mtu huyo kabla hajaingiza pua ya gari lake. Kama uliamua mapema, ukatazama vioo na kujiandaa, huo ni wema. Kama ulifunga breki kwa sababu alikushtua, hapo shemeji ana hoja, ingawa angeweza kuisema kwa upole zaidi kwa mtu aliyeshika usukani.

SWALI: Naendesha daladala kutoka Gongo la Mboto. Mnatuandika vibaya kila siku, lakini hakuna anayeuliza sisi tunatendewaje. Nikishapakia kituoni nawasha indiketa, konda anatoa mkono kuomba njia, na magari madogo yanapita kumi, kumi na tano, kila moja lina mtu mmoja na kioo kimefungwa. Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Nisipoingia kwa nguvu nitaingia lini? (Dereva, Gongo la Mboto)

JIBU: Kaka, kwanza pole na kazi. Barua yako naiunga mkono kwa sehemu kubwa, na nitawaeleza wenye magari madogo bila kuficha. Basi aina ya Coaster linalojaribu kutoka kituoni lina watu wasiopungua ishirini waliokaa, na saa za asubuhi wapo wengine waliosimama wameinamisha shingo kwa sababu dari haliwaruhusu kunyooka. Unapolipisha basi hilo umewapisha wote kwa mara moja, na miongoni mwao kuna muuguzi anayewahi zamu, fundi anayewahi kibarua, na mama anayerudi kumnyonyesha mtoto. Sijui wema mwingine wa sekunde tatu unaowafikia watu wengi kiasi hicho. Atoaye mkono dirishani ni konda, lakini waombao njia ni wote hao walio ndani, na nawaomba wasomaji wetu waukumbuke mkono huo kesho asubuhi.

Nawe nikuombe mambo mawili. Unapofika kituoni, liingize gari lote ndani ya kituo, mkia pia, hata kama mbele kuna wenzako waliokwishapanga. Daladala inayoshusha abiria ikiwa imeacha nusu ya mwili barabarani inafunga njia nzima, na dereva aliyefungiwa namna hiyo mara tatu kwa asubuhi moja hatakuwa na moyo wa kumpisha wa nne. Jambo la pili ni hilo la kuingia kwa nguvu. Najua hesabu ya tajiri haisubiri, na sina haki ya kukufundisha ugumu wa maisha ambao wewe unaulala na kuuamkia. Hata hivyo, unapoupindisha usukani ghafla, anayefinywa mara nyingi si mwenye gari dogo. Ni kijana wa bodaboda au wa bajaji aliyekuwa pembeni yako, ambaye naye ana tajiri na ana hesabu. Indiketa iwake kwanza, sekunde tatu nne zipite, mkono wa konda uonekane, ndipo uanze kusogea kwa mwendo ambao aliye pembeni anaweza kuutabiri. Utaona kwamba watu wengi hupisha kitu kinachosogea taratibu na hukikazia kinachowavamia.

Ukishapishwa, shukuru. Mkono ukiinuliwa, au taa za hazadi zikiwashwa mara mbili, aliyekupisha atampisha na mwingine mbele huko. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba siku nisiposhukuriwa huwa najilazimisha kumpisha anayefuata, nisije nikamwadhibu kwa kosa la mwingine.

SWALI: Nimestaafu na naendesha taratibu. Nilifundishwa kuacha nafasi mbele yangu, lakini nikiiacha, magari manne yanachomekea. Wengine wanatanua kwenye vumbi pembeni, wanawapita watu mia waliopanga foleni, kisha wanataka niwape njia kwa jina la ustaarabu. Siku hizi nabana kabisa, sina nafasi ya kumpa mtu. Nakosea? (Mstaafu, Tabata)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Hasira yako naielewa, na katika jambo la kutanua niko upande wako kuliko unavyodhani. Anayetoka barabara ndogo hana njia nyingine ya kuingia isipokuwa kupishwa, huyo apishwe. Anayetanua alikuwa na nafasi yake kwenye foleni akaiacha ili achukue ya wengine. Nafasi unayoombwa umpe ni mali ya wote walio nyuma yako, na mtu hatoi sadaka kwa fedha ya jirani. Kwa hiyo hulazimiki kumkaribisha. Ila akishaingiza bamba la mbele na ikawa kumzuia maana yake ni kugusana, mwache apite, kwa sababu magari mawili yaliyogusana yatafunga njia mpaka trafiki aje, na watakaoumia ni wale wale mia waliopanga foleni kwa heshima.

Kubana, hata hivyo, naomba uache. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, akiwemo Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa magari 22 kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230. Madereva waliambiwa waende kwa mwendo ule ule, kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na mataa, wala kituo, wala shimo, wala mtu wa kuvuka. Baada ya muda mfupi mmoja alikaribia mno gari la mbele akapunguza, wa nyuma yake akapunguza zaidi, wa tatu zaidi, na foleni ikazaliwa pasipo sababu yoyote ya kuonekana, magari yakawa yanasimama na kuondoka. Mzee wangu, ndiyo maana siku nyingine unasimama dakika nyingi kwenye Barabara ya Mandela, unafika mbele, na hukuti ajali wala gari bovu. Nafasi unayoiacha mbele yako inameza breki ndogo za wengine zisifike nyuma, na anayenufaika ni dereva aliye mbali nyuma yako ambaye hutamwona kamwe na ambaye hatajua kwamba alitendewa wema.

Magari manne yakichomekea, yatakuwa yamekugharimu sekunde kumi hivi. Zisamehe sekunde hizo, uache nafasi nyingine.

Kwa kuwa nimeitaja Mandela, niseme na jambo la malori, ingawa hukuliuliza. Kati ya Ubungo, Buguruni, Tazara na bandarini tunaendesha bega kwa bega na malori ya mizigo usiku na mchana. Daraja la Mfugale lililofunguliwa Tazara mwaka 2018 na lile la Kijazi lililofunguliwa Ubungo mwaka 2021 yametupunguzia mikatizo miwili mikubwa, lakini kati ya madaraja hayo dereva wa lori bado anahitaji umbali mrefu kusimamisha tani nyingi alizobeba. Pengo unaloliona mbele ya lori ndilo breki zake. Ukijichomeka hapo kwa gari dogo umemnyang'anya uwezo wa kukuokoa, na hata akitaka kukuhurumia hataweza. Namwonea huruma sana dereva wa lori, anayeacha pengo hilo kila dakika na kulipoteza kila dakika.

SWALI: Ninajifunza udereva huku Kigamboni. Gari linalokuja likiniwashia taa kubwa na kuzima, maana yake nipite au nisubiri? Mwalimu wangu anasema nipite, kaka yangu anasema nisithubutu. (Kijana, Kigamboni)

JIBU: Wote wawili wana sababu, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Katika barabara zetu taa hiyo inaweza kumaanisha "nimekupisha, pita", inaweza kumaanisha "nakuja, usiingie", na wakati mwingine inakuonya kwamba mbele kuna hatari au kuna askari. Lugha yenye maana tatu zinazopingana haifai kuamua uhai wa mtu. Usiitii taa, tazama magurudumu. Gari linalokupisha kweli hupunguza mwendo, pua yake huinama kidogo kwa sababu ya breki, na pengo kati yenu halizidi kufungwa. Ukiyaona hayo ndipo uingie, nawe uingie bila kusitasita, kwa maana kumkawiza aliyekupisha ni kumjutisha.

Utakapokuwa wewe ndiye unayepisha, punguza mwendo kwanza, taa baadaye, tena kama kuna ulazima. Na usiku, unapopishana na mwenzako katika barabara isiyo na taa, shusha taa zako mapema kabla hajakuomba. Anayekuja akipofuka kwa sekunde mbili anaendesha gizani zaidi ya mita ishirini, na pembeni mwake kuna watu wanaotembea.

SWALI: Mimi sina gari. Nauza matunda Magomeni, na masika ikifika magari yanatumwagia maji ya madimbwi tukiwa tumesimama kituoni na bidhaa zetu. Hivi hawatuoni? (Mama muuza matunda, Magomeni)

JIBU: Mama yangu, nasikitika kukujibu kwamba mara nyingi hatuwaoni, au tunawaona tukiwa tumeshawapita. Maji huruka kwa pembeni na kwa nyuma, na ndani ya gari dereva husikia mshindo tu chini ya sakafu. Jibu hilo halitufutii kosa, kwa sababu dimbwi huonekana kwa mbali na watu wa kituoni huonekana kwa mbali zaidi. Ninawaomba madereva wenzangu wanaosoma ukurasa huu kwamba, wakiona maji na watu upande mmoja, waingie kwa mwendo wa mtu anayetembea, au wahamie njia ya pili baada ya kutazama kioo. Dimbwi lenyewe, isitoshe, linaweza kuwa limefunika mtaro usio na mfuniko, na anayelipita taratibu analiokoa pia gari lake.

Ikitokea umemmwagia mtu, usikimbie. Simama mahali pasipo hatari, teremka, uombe radhi. Masika ya mwaka juzi nilimmwagia mama mmoja aliyekuwa anakwenda msibani, kanga yake ikalowa tope kuanzia kiunoni, na nilipomfikia sikuwa na chochote cha kumpa ila maneno. Aliyapokea, akaikamua kanga pale pale barabarani, akaendelea na safari yake akiwa amelowa. Jioni nilipomsimulia mke wangu, hakusema neno. Alikwenda kabatini, akatoa doti moja ya kanga zilizofuliwa na kukunjwa, akaziweka ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda kuzilaza kwenye buti la gari. Bado zimo.